Kichwa cha Dume Kilielekea kwa Marwa

Mlio wa kisu kwenye jiwe la kunolea bado unanisimamisha. Ninafanya kazi ya stoo katika kambi moja ya watalii kule Robanda, pembezoni mwa hifadhi, na kila asubuhi kabla chai haijaiva mpishi wetu hutoka nje ya jiko, huchuchumaa, hulimwagia jiwe maji, kisha huanza. Kwacha, kwacha, kwacha. Wenzangu huendelea na shughuli zao. Mimi huacha nilichoshika, nikageuka kutazama ni nani anayenoa na amekaa akielekea wapi. Wananicheka kwamba naogopa visu. Siogopi visu hata kidogo. Ninachoogopa ni mtu kuniuliza nimeona nini.

Nimekulia Genkuru, jirani na mgodi mkubwa wa dhahabu. Kila mchana king'ora kililia, tukajua wanakaribia kulipua, na baada ya muda vikombe vya Mama viligongana kabatini na kuku wakakimbilia uvunguni. Mgodi ule ulituletea watu wa kila namna. Kulikuwa na Wasukuma, Waha, Warangi, na wengine ambao hatukujua hata makabila yao, tukawaita tu wageni, ingawa wapo waliokuwa wamekaa pale kabla mimi sijazaliwa. Sisi tulikuwa wenyeji. Neno hilo, wenyeji, nililisikia mara nyingi utotoni, na kila lilipotamkwa mtu alikuwa akimtazama mwingine kwa pembe ya jicho.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Baba Zuhura. Alikuwa mtu wa Ujiji, aliifuata dhahabu, dhahabu ikamkataa, akarudia kazi aliyoachiwa na baba yake, ya kuchinja na kuuza nyama. Bucha lake lilikuwa karibu na njia panda, limepakwa rangi ya kijani. Harusi, msiba, mahafali ya darasa la saba, popote ng'ombe alipoanguka, kisu kilikuwa cha Baba Zuhura. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Watu walisema tu, akichinja yeye tunakula wote, na kweli tulikula wote. Yeye mwenyewe aliwatengea wazee wetu yale ya tumboni kwa ajili ya kichuri, ule mchuzi mchungu ambao Mkurya hawezi kula nyama choma bila kuuchovya. Aliwakabidhi ndoo huku amegeuza uso pembeni na kukunja pua, wazee wakacheka mpaka wakatokwa machozi. Nilidhani dunia yote inaishi hivyo.

Binti yake, Zuhura, alikuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja darasa la nne. Alipokula kwetu alisema bismillahi kabla ya kugusa ugali, na Mama, ambaye alikuwa mama wa kanisa hasa, aliitikia "Amina" bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. Nilipokula kwao nilifumba macho nikaombea chakula kwa sauti, tena maombi marefu ya kujionyesha, na Mama Zuhura alinisubiri hadi mwisho ndipo akanipakulia.

Sasa niwaambie kuhusu Baba. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kwa kazi alikuwa fundi mwashi. Karibu saruji yote ya kijiji kile ilipita mikononi mwake. Alijenga madarasa, msingi wa kanisa, birika la kisima, hata sakafu ya machinjio, ile ya nyuma ya bucha yenye mfereji wa kupitisha damu. Kila kazi aliyomaliza aliiwekea alama. Saruji ikiwa bado mbichi alichukua msumari akaandika jina lake, Mwita, na mara nyingine akaongeza neno la kumwelekeza fundi atakayekuja kurekebisha. Alijivunia sana mwandiko wake. Hata leo nikiona maandishi yenye herufi za kulalia kushoto, moyo wangu unasema ni ya Baba.

Mwaka ule Baba aligombea uenyekiti wa kijiji. Mpinzani wake alikuwa Mzee Marwa, Mkurya mwenzetu na jirani yetu, ambaye boma lake lilikuwa juu ya kilima upande wa kaskazini, na ukisimama popote kijijini unaliona na bati lake linavyong'aa. Mzee Marwa alikuwa amewapangisha wageni vyumba na kuwapa viwanja, na wageni walimpenda. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunuka. Nyimbo za kwaya zilibadilishwa maneno, jina la Mwokozi likatolewa likawekwa jina la Baba. Mahubiri ya mara kwa mara yaligusia kuchagua mtu wa kwetu katika imani. Upande wa pili nao hawakulala. Wageni waliongea kwa sauti ya chini baada ya swala, na sisi watoto tukipita walinyamaza, au labda walikuwa wamemaliza tu kuongea. Lakini nyumbani kwetu kunyamaza kwa mtu kulikuwa ushahidi tosha.

Baba aliamua kuandaa ibada ya shukrani ya mavuno. Hivyo ndivyo alivyoiita. Mavuno yenyewe mwaka ule yalikuwa mahindi yaliyoliwa nusu na viwavi, na kila mtu alijua kwamba shukrani ile ilikuwa ya kura ambazo hazijapigwa bado. Alitoa dume lake jeusi lenye paji jeupe na kualika kijiji kizima, wenyeji na wageni.

Siku mbili kabla ya ibada alikuja nyumbani mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akimpigia Baba kampeni. Aliitwa Chacha. Alikuwa na sauti nzuri na roho ndogo. Nilikuwa namenya mihogo mlangoni nikamsikia.

"Mura, mimi nauliza tu," alisema. "Hawa watu wanatuchinjia miaka yote. Tunajua wanasema nini juu ya ng'ombe wetu? Na safari hii wao ni wa Marwa. Dume ni lako, kisu ni cha Marwa. Utajua mwenyewe."

Baba aliinuka, akatembea mpaka ukingo wa uwanja, akarudi. Kisha aliniita na kuniambia kwamba siku ya shukrani niende machinjioni mapema, kwa sababu mimi nimezoeleka pale na hakuna atakayenitilia shaka. Nitazame kila kitu. Nisikilize anachosema, niangalie anamlazaje dume, halafu nije nimweleze.

"Mtoto hatumwi kazi ya namna hiyo," Mama alisema kutoka jikoni.

"Anatumwa kutazama," Baba alijibu. "Kutazama ni dhambi?"

Mimi nilivimba kichwa. Ndugu zangu, nisiwadanganye kwamba nilisita. Katika nyumba yetu ya watoto saba, kuchaguliwa na Baba kwa kazi ya siri kulikuwa heshima ambayo sikuwahi kuipata. Nilichana karatasi katikati ya daftari la Maarifa ya Jamii, nikakata penseli ikawa fupi ya kufichika mkononi, na siku hizo mbili niliwatilia shaka watu wote. Nilimtilia shaka hata Zuhura. Aliponipa kipande cha muwa nilikinusa kwanza.

Asubuhi ya shukrani nilifika machinjioni umande haujakauka. Nakumbuka harufu ya majani yaliyokanyagwa na kinyesi kibichi, na kisu kikilia kwenye jiwe, kwacha, kwacha. Baba Zuhura alinipokea kwa furaha. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kuniambia nisimame mbali ili damu isinirukie gauni la ibada. Vijana wanne walimfunga dume miguu, wakamwangusha kwa ubavu wa kushoto. Alikuwa ameanguka vibaya kidogo, kichwa kimeelekea barabarani. Ilikuwa inatosha, kwa macho yangu. Lakini Baba Zuhura hakuridhika. Aliwaambia vijana wamgeuze. Walihema, wakavuta kamba, wakamzungusha dume lile zito juu ya sakafu mpaka kichwa kikaelekea upande wa juu, kaskazini. Alichuchumaa, akatazama mbele kama anayelenga kitu, akamsogeza tena kidogo kwa mkono wake. Nami nilifuata macho yake. Kule mbele, juu ya kilima, bati la Mzee Marwa lilikuwa linang'aa.

Alisema maneno yake. Yalikuwa maneno yale yale ya Zuhura mezani, na mengine mawili au matatu. Hayo sikuyaandika, kwa kuwa niliyajua. Nilichoandika kwenye karatasi yangu ni hiki: amemgeuza ng'ombe makusudi, kichwa kikaelekea kwa Marwa.

Msinicheke. Kwetu ng'ombe wa shughuli haanguki hivi hivi. Wazee huangalia ameangukia ubavu gani, ameelekeza pumzi ya mwisho wapi, na matumbo yake yakitolewa husomwa kama barua. Nilikua nikijua kwamba pumzi ya dume inakwenda na kitu. Mtu akilichukua dume la baba yako na kuigeuza pumzi yake kwa nguvu iende kwenye boma la mpinzani, ungefikiri nini? Nilikimbia nyumbani mpaka kiatu kimoja kikanivuka.

Baba alikuwa amekaa uwanjani na wazee kama kumi, pamoja na Chacha. Nilitaka kumnong'oneza. Hakuniruhusu. Alinisimamisha katikati ya watu akaniambia niseme kwa sauti. Nikasema.

"Kichwa kilielekea wapi?" aliniuliza.

"Kwa Mzee Marwa, Tata."

"Onyesha."

Nikanyoosha kidole. Aliuliza mara ya tatu, aliyemgeuza ni nani, nikamtaja Baba Zuhura. Wazee walisonya. Mmoja alitema mate chini. Kidole changu kilikuwa bado hewani, na nakumbuka jambo ambalo wakati ule halikunisumbua kabisa. Kila mtu pale uwanjani aligeuka kutazama kilima, isipokuwa Baba. Baba alikuwa anatazama nyuso za wale wazee.

Halafu mambo yalikwenda haraka. Baba aliagiza nyama ile isiingie kwake. Dume la pili lilikamatwa na kuchinjwa na Chacha, ambaye hakuwahi kuchinja kitu kikubwa kuliko kuku, na sitaki kueleza mnyama yule alivyoteseka. Wageni walifika na watoto wao wamevaa vizuri, wakaambiwa kilichotokea, wakasimama kidogo, wakarudi na sahani zao tupu. Baba Zuhura alikuja mwenyewe, aproni ikiwa bado kiunoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa kuondoa jambo dogo lililopotoka.

"Mwita, waambie," alisema. "Ndugu yangu, wewe si unajua? Waambie tu."

"Mimi najua nilichoambiwa na mwanangu," Baba alijibu.

Baba Zuhura alinitazama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Baba, karatasi yangu mkononi. Labda alitaka kujitetea, lakini sasa angejitetea dhidi ya mtoto aliyekula nyumbani kwake. Aliivua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka nayo kwapani. King'ora cha mgodi kikalia wakati ule ule, na mlipuko ulipokuja sahani zote mezani zikatetemeka.

Baba alishinda. Alishinda vizuri, kwa kuwa baada ya siku ile uchaguzi haukuwa tena wa barabara wala maji ya bomba. Ulikuwa wa sisi na wao. Chacha alifungua bucha lake na kuchora msalaba mwekundu juu ya mlango, na mchungaji akaliombea. Bucha la kijani likakosa wateja upande wetu, na muda si mrefu hata wageni walianza kuhama mmoja mmoja. Nyumbani kwetu hatukukatazwa kumwona Zuhura. Hakukuwa na haja ya kukatazwa. Alihama dawati, akaenda kukaa mbele kabisa, na nilitazama kisogo chake mpaka mwisho wa muhula. Mama alikuwa akitoka jioni na kibuyu cha maziwa kilichofunikwa kanga, akarudi nacho kitupu, na hakusema kimekwenda wapi.

Kabla shule haijafunguliwa tena, walipakia vitu vyao kwenye lori la kuelekea Kahama. Nilikwenda kusimama kando ya njia. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Zuhura alikuwa juu ya magodoro, ameshikilia jiwe la kunolea la baba yake mapajani ili lisivunjike. Aliniuliza swali moja.

"Kwa nini hukuniuliza mimi? Ningekuambia anaelekeza wapi."

Lori likaondoka. Ningemwuliza, angenijibu kwa sentensi moja. Kibla. Wao huswali wakielekea upande huo, na mnyama wao humlaza akielekea upande huo, na upande huo kwetu Genkuru ni kaskazini, na kaskazini Mzee Marwa alijenga nyumba yake, basi. Nilikuja kulijua hilo sekondari, kwa rafiki mwingine, kwenye bweni. Tangu hapo nimeomba msamaha kwa Mungu mara zisizo na idadi kwa ajili ya kinywa changu. Nilijiona mimi ndiye niliyeifukuza familia ile, kwa ujinga wangu. Baba nilimwona kuwa mtu aliyedanganywa na mtoto wake. Nilimwonea hata huruma. Likizo zote nilimbebea sukari na sabuni kwa moyo wa mtu anayelipa fidia.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani msimu wa mahindi. Baba si mwenyekiti tena, mguu wake mmoja unamsumbua na anatembelea fimbo. Bucha la kijani halipo, limebaki lile eneo la nyuma. Mama aliniambia nikaanike mahindi machinjioni, akasema sakafu ya pale bado ni nzima na inashika jua. Sikuwahi kukanyaga pale tangu utoto. Nilichukua ufagio, nikafagia majani na udongo uliokuwa umegandamana, kisha nikamwaga maji. Damu ya miaka ile, iliyokuwa ikiganda na kufunika pale katikati siku zote, ilikuwa imeshaondolewa na mvua. Na pale katikati, mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakilazwa, saruji ilinionyesha maandishi.

Ulikuwa mshale, umechorwa kwa msumari, mrefu kama mkono wangu. Chini yake neno KIBLA. Na chini ya neno hilo, kwa herufi za kulalia kushoto, Mwita.

Nilichuchumaa. Nilipitisha kidole kwenye mshale kutoka mkiani hadi kichwani, nikainua macho, nikaliona bati la Marwa, sasa limeshika kutu. Nilikumbuka "wewe si unajua". Nilikumbuka macho ya Baba yakizunguka kwenye nyuso za wazee. Aliniuliza mara tatu kitu alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe kabla mimi sijajua kusoma. Hakunituma nikaone. Alitaka kitu ambacho mzee wa kanisa hawezi kukisema mwenyewe mbele za watu, akatafuta mdomo wa kukisemea, tena mdomo ambao kila mtu angeuamini kwa sababu ulikuwa wa mtoto.

Alikuja baadaye akichechemea, kuona kwa nini mahindi bado yapo kwenye magunia. Alifika, akaona nilipochuchumaa.

"Tata, ulijua," nilisema.

"Uchaguzi ulikuwa mgumu, Bhoke."

"Miaka yote hii umeniacha nikidhani ni mimi."

Alitazama mshale, akatazama kilima, kisha akanitazama mimi. Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa ya mtu anayekumbusha jambo la kawaida.

"Lakini wewe ndiye uliyeonyesha kwa kidole," alisema.

Nilifungua magunia, nikamwaga mahindi, nikayatandaza sakafu nzima. Nilipofika pale katikati nilipaacha wazi. Baba alinyoosha fimbo yake, akayasukuma mahindi yakafunika maandishi. Niliyafagia yakarudi pembeni. Aliyasukuma tena. Niliyafagia tena. Mara ya tatu hakuinua fimbo, akageuka akaenda zake nyumbani polepole.

Nimejiuliza sana kama Mama alikuwa anajua kilichoko chini ya ule udongo aliponituma. Sijamwuliza. Labda nimekuwa mtu wa kushuku kupita kiasi, na hilo nalo nalijua lilikoanzia. Nilikuwa na miaka kumi, na kidole kilikuwa changu, siwezi kukikana. Lakini sasa mtu anayepiga magoti kabla ya kuomba kura, namtazama mikono kwanza. Siku ile nilikaa pale kando ya mahindi mpaka jua likanichoma mgongo, nikitazama mshale unakoelekea. Juu ya kilima kuna kwa Marwa, nyuma ya kwa Marwa kuna milima ya mpakani, na mbali sana baada ya hapo ndiko Baba Zuhura alikokuwa akitazama alipochuchumaa na kumsogeza dume kidogo kwa mkono wake, ili tule wote.